Sauti ya Mama Isifungiwe

Ukumbi wa mafundi simu hauna adabu siku ya Jumamosi. Watu wanasukumana, redio zinashindana kwa kelele, wauzaji wanawavuta wapita njia kwa mikono ya mashati, na moshi wa vifaa vya kuchomelea unawasha macho hadi ngazini. Katikati ya vurumai hiyo, nyuma ya meza ya kioo iliyopasuka pembeni, aliketi mwanamke aliyevaa gauni la buluu lililofifia, miwani ya kukuzia vitu kaipandisha kwenye paji la uso. Ukumbi mzima ulimwita Fundi, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa ameifungua simu ya mteja, skrubu zake kazipanga vizuri, kijana mmoja mrefu aliposukumwa na umati akaja kuiangukia meza kwa tumbo. Skrubu zote zikaruka chini.

"Hee! Kaka, hii meza, si kitanda."

"Samahani sana, dada. Wamenisukuma."

"Wamekusukuma wao, lakini skrubu utaziokota wewe."

Kijana akapiga magoti kweli, na suruali yake iliyonyooshwa kwa pasi ikaingia vumbini. Akaokota moja baada ya nyingine, huku watu wakimruka kama kizingiti. Alipoinuka, kiganja kimejaa skrubu na nywele zimejaa utando wa buibui, Fundi alishindwa kuzuia kicheko.

"Haya, umelipa faini. Unatafuta nini?"

"Spika. Ndogo kabisa, ndogo kuliko kucha. Lakini iongee kama mtu, isikwaruze."

"Ya simu gani?"

"Si ya simu."

"Ya nini basi?"

Kijana akatazama kulia na kushoto. "Siri ya kazi."

"Makubwa! Haya, Bwana Siri, ngoja nikutafutie."

Jina likamganda. Alirudi siku ya pili kutafuta spika nyingine, na siku ya tatu akarudisha ile ya pili akisema imegoma, ingawa Fundi alipoijaribu iliimba vizuri tu.

"Hii spika haina ugonjwa," Fundi alisema.

"Basi labda mgonjwa ni mimi."

"Ukumbi huu hautibu watu."

"Nimesikia kuna fundi mmoja anajaribu."

Wauzaji wa meza za jirani wakapiga miluzi. Fundi akainamisha kichwa kwenye simu aliyokuwa anaitengeneza, asionekane anavyotabasamu.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu zaidi, maana kazi ziliwabana wote wawili. Bwana Siri alikuwa anampigia Fundi mchana akiwa kazini.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Wewe je?"

"Nimekula mawazo yako."

"Utakonda, Bwana Siri."

Fundi alijua mengi juu yake. Alijua kwamba wazazi wake walikufa akiwa mdogo, kwamba kaka yake mkubwa ndiye aliyemlea na kumsomesha, na kwamba sasa wanafanya kazi pamoja katika kampuni ndogo ya huyo kaka. Kinachotengenezwa humo hakukijua, kwa sababu kaka mtu alikuwa amewaapisha wafanyakazi wote wafunge midomo. Fundi hakumkalia kooni. Mtu huwezi kudai siri ya mwenzio wakati ya kwako umeifungia moyoni.

Na ya Fundi ilikuwa hii. Mama yake alikuwa mwalimu wa watoto wasioona. Mwaka wake wa mwisho, kifua kikiwa kimeshaanza kumsumbua, alikaa sebuleni mbele ya kinasa sauti akasoma maneno, moja moja, maelfu ya maneno, ili binti yake atengeneze programu ya kompyuta ya kuwasomea wale watoto vitabu. Alipofika kwenye neno "karibu", baba alikuwa anarudi kutoka kazini. Baba alikuwa seremala, na kama ilivyo kwa maseremala wengi, mlango wa nyumba yake mwenyewe ndio pekee uliokuwa unalia. Bawaba zikalia nyuma ya neno. Binti akataka warudie.

"Acha ibaki," mama alisema akicheka. "Nimesema karibu, mtu kaingia. Unataka nini tena?"

Siku nyingine alisema jambo jingine, na hilo hakulisema kwa kicheko. "Mwanangu, sauti hii nimeitoa bure. Isije ikafungiwa kabatini mwa mtu."

Ndiyo maana Fundi, alipoiweka programu ile mtandaoni kwa jina la bandia la Nukta, aliiwekea leseni yenye sharti. Yeyote aichukue, aitumie, aibadilishe, hata kuiuza akitaka. Akiitumia ndani kwake tu, hadaiwi kitu. Lakini siku atakapomkabidhi mtu wa nje nakala yake, ampe na msimbo chanzo wake, yaani yale maandishi ambayo programu imetengenezwa kwayo, pamoja na kila alichokiongeza, ili na mwingine aweze kuendeleza. Kisha mama akafa, na Fundi hakuifungua tena programu ile. Mara kadhaa alitaka kumsimulia Bwana Siri, akaishia kugeuza maneno.

Siku Bwana Siri alipokwenda kujitambulisha kwa baba, alivaa shati la kijani kibichi ambalo halikumkaa sawasawa mabegani na kubeba kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti alichokichonga mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga kidogo tu. Watu aliwajua kwa hatua zao.

"Unatembea kama mtu mwenye deni," mzee alisema.

"Ni woga, baba."

"Woga mzuri huo. Kaa."

Wakacheka, na chumba kikalegea. Bwana Siri akamwekea kifurushi mapajani. Kilikuwa kiboksi cheusi chenye kitufe kimoja na jicho dogo la kamera.

"Baba, hiki kinasoma. Unakielekeza kwenye gazeti, kinakusomea. Ndicho cha kwanza kabisa kutoka nje ya ofisi yetu. Kaka mwenyewe alisema, mpelekee mkwe wako mtarajiwa." Akamgeukia Fundi, macho yakimng'aa. "Siri ya kazi ndiyo hiyo, mpenzi. Na spika iliyomo ni ile yako."

Mzee akapapasa, akabonyeza.

"Karibu," kiboksi kikasema, na nyuma ya neno, kwa mbali, mlango ukalia.

Mzee hakusogea. Mkono wake ulibaki juu ya kitufe. Fundi alishika ukingo wa meza. Bwana Siri, ambaye hakujua chochote, alikuwa bado anatabasamu, akanyoosha ukurasa wa gazeti mbele ya jicho la mashine. Na mama akaanza kusoma. Hakusoma kwa kukatakata kama alivyokuwa kwenye programu ya zamani. Alisoma kwa kutiririka, akipanda na kushuka, akitamka hata maneno ambayo hakuyatamka maisha yake yote, kwa sauti ileile ya asubuhi alizokuwa akimsomea mumewe habari huku chai ikipoa.

"Mke wangu," mzee alisema polepole. "Huyu ni mke wangu. Na huo ni mlango wetu."

Machozi yakamshuka na hakuyafuta. Aliinama akakisogeza kiboksi karibu na sikio.

Fundi alimvuta Bwana Siri kwa mkono hadi nje, kwenye ngazi.

"Programu hii mmeitoa wapi?"

"Mtandaoni. Iliandikwa na mtu anaitwa Nukta. Fundi, kuna nini?"

"Nukta ni mimi."

"Wewe? Miaka miwili nimesoma kazi yako mstari kwa mstari! Nilikuwa nawaambia wenzangu, huyu mtu ningemwona ningempa mkono..."

"Ile sauti ni ya mama yangu."

Furaha ikamporomoka usoni. Akakaa kwenye ngazi. Ndani, mama alikuwa anasoma habari za barabara inayojengwa.

"Mmemfanya aongee kweli," Fundi alisema. "Mimi nilishindwa. Nani aliifanya kazi hiyo?"

"Mimi."

"Basi ahsante. Ahsante sana, mpenzi. Sasa nipe msimbo wake."

"Ni wa ofisi..."

"Leseni yangu umeisoma?"

"Nimeisoma. Lakini sisi tulikuwa tunaitumia ndani kwa ndani. Inaruhusu."

"Inaruhusu. Ukichukua mapishi yangu ukapika kwako, ukala mwenyewe, sina neno na wewe. Lakini leo umemletea baba yangu sahani mpaka mapajani. Ukimpa mtu chakula, umpe na mapishi, na yale uliyoyaongeza. Ndilo sharti, na lilikuwa la mama kabla halijawa langu."

Bwana Siri alishika kichwa. Akamweleza lililokuwepo. Kulikuwa na mnunuzi mkubwa aliyekuwa tayari kuchukua mashine zote, ila kwa sharti kwamba msimbo usiwe na mtu mwingine duniani. Kaka yake alikuwa ameweka rehani hadi nyumba kwa ajili ya kazi ile. Walitaka wamalize kwanza, ndipo waiandike upya ile sehemu ya Nukta. Zawadi ya mzee hawakuifikiria kabisa. Ilikuwa zawadi tu, ya mapenzi.

"Nipe muda niongee naye," alisema.

Simu ikaja keshokutwa yake, Fundi akiwa kazini. Alijibanza nyuma ya kabati la vipuri ili asikie.

"Mpenzi, Kaka anasema njia ipo. Wewe ndiye mwenye programu. Ukitia sahihi kwamba sisi umeturuhusu bila lile sharti, yamekwisha. Anakusalimu, anakuita shemeji kabisa."

"Mwambie shemeji yake anamsalimu. Sitii sahihi."

"Fundi, nielewe. Huyu ndiye aliyeniokoa na njaa."

"Na yule ndiye aliyenizaa. Alisema asifungiwe. Unataka nimfungie mimi mwenyewe, kwa kalamu?"

Kelele za ukumbi zikaingia kati yao.

"Nakupenda," alisema Bwana Siri.

"Najua. Najua, ndiyo maana naumia."

Siku iliyofuata alikuja nyumbani bila kupiga simu. Hakuvaa shati la kijani. Mzee alikuwa sebuleni, gazeti limetandazwa, mkewe anamsomea. Tangu siku ile mzee alikuwa ameanza tena kunyoa ndevu kila asubuhi.

"Hatua hizi nazijua," mzee alisema. "Karibu, mwanangu. Leo unatembea vibaya zaidi."

Bwana Siri alisimama katikati ya chumba. Alikuwa amefundishwa la kusema, na alilisema akitazama sakafu.

"Baba, kile kiboksi... kilikuwa cha majaribio tu. Tulikuazima. Kaka ameniagiza nikirudishe ofisini."

Fundi alitoka jikoni mikono imelowa. "Umesemaje?"

"Fundi, tafadhali..."

"Ulileta kwenye karatasi ya zawadi! Unadhani mkikirudisha itakuwa kama hakikutoka? Hata leseni haisemi hivyo!"

"Mwanangu, nyamaza," mzee alisema. Akakizima kiboksi. Alikifuta vumbi kwa ncha ya shati lake, taratibu, pande zote, kisha akakinyoosha mbele yake kwa mikono miwili kuelekea ilikotoka sauti. "Kitu cha watu ni cha watu. Chukua, baba. Nimeshasikia mengi."

Na Bwana Siri akapokea. Hilo ndilo Fundi hakuweza kulisahau baadaye: kwamba alinyoosha mikono, akapokea. Mlango ulilia alipotoka, kama kawaida yake.

Fundi alijaribu kuziba pengo. Aliifufua programu yake ya zamani, akaiweka kwenye simu, akamkalisha baba. Mama akasoma: neno, kimya, neno, kimya. Mzee alivumilia hadi mwisho wa ukurasa kwa sababu alikuwa mstaarabu.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema. "Lakini huyu ni mama yako anaita majina darasani. Yule alikuwa ananiongelesha."

Fundi alikaa na kompyuta wiki baada ya wiki akijaribu kumfanya mama atiririke. Hakuweza. Simu za Bwana Siri hakuzipokea, na baadaye zikaacha kuja. Msimu wa mvua, mzee alipata baridi ya kifua, akalazwa, akatolewa, akalazwa tena. Alikufa akiwa amelala, mchana, shuka limemfika kidevuni. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amemuuliza binti yake, bila lawama yoyote, kama yule kijana ameshaweza kutembea vizuri.

Kwenye mazishi Fundi aliona shati la kijani nyuma ya watu, mbali. Alipoinua macho tena halikuwepo.

Msiba ulikuwa umeshapoa alipopigiwa simu na mwalimu mkuu wa shule ambayo mama yake alifundisha. "Njoo, binti yetu. Njoo usikie mwenyewe."

Alisikia tangu getini. Watoto walikuwa wanacheka darasani, na katikati ya kicheko mama yake alikuwa anawasomea hadithi, akitiririka. Mvulana mmoja alikuwa amemwandikia kwa kompyuta matusi ya kitoto kuona kama atayasoma, naye aliyasoma yote kwa adabu. Kwenye kona, miongoni mwa nyaya na kompyuta za zamani, Bwana Siri alikuwa amepiga magoti, suruali imeingia vumbini.

Walitoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Nimetoa msimbo wote," alisema. "Wote, na nilichokiongeza mimi. Uko mtandaoni, kwa leseni yako. Yeyote anauchukua. Nilimwambia Kaka, tulishamkabidhi mzee wa watu, na kumnyang'anya hakufuti kitu. Mnunuzi amekimbia. Kaka amenifukuza kazini na nyumbani pia."

"Pole."

"Usinipe pole. Nimechelewa." Alikuwa amekonda kweli, na safari hii hakuna aliyetania. "Nilikaa na hofu miezi mizima. Nikasikia mzee amefariki, ndipo hofu ikaniisha. Ilikwisha wakati haina tena faida."

Fundi alitazama mlango wa darasa.

"Kuna jambo moja nataka ujue. Kaka aliniamuru niufute ule mlio kwenye 'karibu', ili isijulikane sauti ilikotoka. Nilishajua ni mlango wenu. Sikuufuta."

Hapo Fundi aligeukia ukuta akalia, na Bwana Siri akasimama na mikono yake asijue aipeleke wapi. Alipotulia, akamsikia akisema kwa sauti ndogo: "Leseni yako mwenyewe ina kipengele. Aliyekosea mara ya kwanza, akirekebisha, anarudishiwa haki zake."

"Ndiyo. Umerekebisha. Haki zako zote umerudishiwa, itumie programu utakavyo. Leseni imekusamehe." Alijifuta macho kwa mtandio. "Leseni haikuwepo siku ile sebuleni. Mimi nilikuwepo. Nakupenda, sikufichi, na hata leo asubuhi nilikukumbuka. Lakini kila nikitazama mikono yako naiona inapokea kile kiboksi kwa baba. Nitaishije nayo?"

"Nikingoja?"

"Usingoje. Nenda katafute kazi, una kipaji. Patana na kaka yako, amekulea. Na usiache kula."

Alimtania hivyo bila kutabasamu. Bwana Siri akaitikia kwa kichwa, akafungua begi, akampa kile kiboksi cheusi. Kisha akaondoka kando ya ukuta, na Fundi akatambua kwamba baba alisema kweli, hatua zake zingejulikana popote.

Nyumbani alikuta chumba kama alivyokiacha, kiti cha baba kimeelekea meza. Kabla ya arobaini jirani mmoja mwema alikuwa amezipaka mafuta bawaba za mlango, na tangu hapo haukulia tena. Mtu angeweza kuingia usimsikie. Fundi aliketi mahali mama alipokuwa akikaa na kinasa sauti. Akakiweka kiboksi mbele yake, akabonyeza.

"Karibu," mama akasema, na baba akaingia.